Flying Cloud: uwanja wa mafunzo katikati ya nyumba

Baada ya kipindi chetu kuhusu marubani, wengi mmeuliza swali moja: ile ndege ndogo inayozunguka juu ya Eden Prairie jioni nzima, kwani inaenda wapi? Haiendi popote. Inaruka, inazunguka, inagusa lami, na kabla haijasimama inapaa tena. Ndani yumo mwanafunzi, pembeni yake mwalimu, na kazi yao ni kurudia kutua mpaka mkono uzoee. Kazi hiyo imefanywa juu ya ardhi ile kwa miaka 80 hivi. Siku hizi ndiyo inayoleta ugomvi.

Uwanja wenyewe ni Flying Cloud, kusini mwa mji, juu kidogo ya bonde la Mto Minnesota. Wazazi wetu wengi hawaujui, na si ajabu. Kwao uwanja wa ndege ni MSP: ndipo walipotua na sweta zisizotosha, ndipo tunapowasindikiza na masanduku ya kilo 23 yaliyopimwa mara nne kwenye mizani ya bafuni. Flying Cloud hakuna masanduku, maana hakuna ndege ya abiria yenye ratiba. Lakini mwenye nyumba ni mmoja. Metropolitan Airports Commission, tuiite MAC, iliundwa kwa sheria ya jimbo mwaka 1943, na leo inamiliki MSP pamoja na viwanja vidogo sita: Flying Cloud, Crystal, Anoka County-Blaine, Airlake, Lake Elmo na ule wa St. Paul pale mtoni. Hivi sita vipo ili kupunguza mzigo, Cessna ya mwanafunzi isigombanie njia na Boeing ya Delta.

Kiswahili kinapaita mahali pa ndege uwanja, yaani eneo la wazi, na Flying Cloud ulianza hivyo hasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ulikuwa shamba la mkulima, nyasi tupu, na marubani wachache walioruhusiwa kutua. (Rubani nalo ni neno la baharini kabla ya kuwa la angani: ndiye aliyejua njia ya kuingiza chombo bandarini. Mswahili alipoiona ndege hakuhitaji neno jipya.) Vita vikaja. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa likifundisha marubani Wold-Chamberlain, ambako leo ndiko MSP, likahitaji mahali pa pembeni pa kuwazoesha vijana kutua na kuruka. Likapata nyasi za Eden Prairie. Baada ya vita MAC ikauchukua uwanja, lami ikawekwa, na wanajeshi waliorudi nyumbani wakaendelea kuruka kama raia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 Flying Cloud ulikuwa miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi kabisa Marekani, ndege zikiruka na kutua zaidi ya mara 400,000 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya mara elfu moja kwa siku, na karibu zote ndege ndogo.

Kwa nini basi hakukuwa na kelele za malalamiko kama za leo? Hesabu za sensa zinajibu. Mwaka 1960 Eden Prairie ilikuwa na watu 3,233. Mwaka 1980 walikuwa 16,263, mwaka 1990 wakawa 39,311, na sensa ya 2020 ikahesabu 64,198. Barabara kuu ya 494, ofisi, maduka ya Eden Prairie Center, kisha nyumba juu ya nyumba, nyingi zikiwa na bustani nyuma na mlango wa kioo unaofunguliwa wakati wa kiangazi. Ni katika wimbi hilo familia za Kiafrika nazo zilipofika, na ndiyo maana leo Eden Prairie ina jamii kubwa ya Wasomali na Waafrika Mashariki wengine.

Wapenzi wa ndege wana jibu moja wanalolipenda: uwanja ulikuwapo kwanza, ulinunua nyumba ukiuona. Ni kweli, ila mimi silipendi. Tukianza mchezo wa nani alitangulia, wa kwanza ni Wadakota, ambao ardhi hii iliwatoka kwa mikataba ya 1851, na sidhani kuna upande unaotaka mjadala ufike huko.

Ugomvi mkubwa wa kwanza ulikuwa juu ya jeti. MAC ilikuwa na Agizo Nambari 51, lililozuia jeti zenye uzito wa zaidi ya ratili 20,000, yaani kama tani 9. Wakazi walilishika agizo hilo kama hirizi. Tatizo ni kwamba serikali kuu haipendi uwanja unaopokea pesa zake uchague ndege gani zitue, na sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 1990 kuhusu kelele za ndege ikafanya iwe vigumu sana kwa mji au mwenye uwanja kuweka marufuku mpya kwa amri yake mwenyewe. MAC ilipotaka kurefusha njia ya kurukia, mji ukapinga, na mabishano yakachukua miaka. Mwaka 2002 wakasaini makubaliano. Njia kuu ikarefushwa kutoka futi 3,900 hadi 5,000, kazi ikaisha 2009, na futi 5,000 ndio mpaka: sheria ya jimbo hairuhusu viwanja vya daraja hili kupita hapo. Saa za usiku zikabaki jambo la hiari. Rubani anaombwa asiruke usiku, hakatazwi. Kila ukisikia mtu anauliza kwa nini mji hauwezi tu kuzima uwanja saa nne usiku, jibu liko kwenye ile sheria ya 1990.

Kwa maoni yangu ugomvi ule uliwafundisha watu kutazama upande mmoja. Jeti za kibiashara zinapita, zinasikika, zinaondoka. Anga ya Flying Cloud inajazwa na wanafunzi, na sababu kubwa ya idadi yao haikutoka Minnesota. Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakafa watu 50. Bunge likabadilisha sheria mwaka uliofuata, na tangu 2013 rubani msaidizi wa shirika la abiria anahitaji kwa kawaida saa 1,500 angani, wakati zamani 250 zilitosha. Waliosoma shahada ya urubani hupunguziwa, lakini hata wao wanahitaji 1,000.

Sasa fikiria kijana aliyemaliza saa 250. Pesa zimeisha, mkopo umeanza kudai. Saa 1,250 zilizobaki atazipata wapi? Wengi wanakuwa walimu, wanakaa kiti cha pembeni na kuhesabu saa wakati mwanafunzi mpya analipa petroli. Kwa hiyo kila mwanafunzi anayefuzu anageuka sababu ya mizunguko mingine mia kadhaa juu ya mtaa uleule.

Ambao wazazi wao wametoka Nairobi wana pa kulinganisha. Wilson, kati ya Lang'ata na South C, ni ndugu wa Flying Cloud kwa tabia. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, na uwanja ukaja kubeba jina lake. Madaktari wa AMREF wanarukia hapo. Miraa ya kwenda Mogadishu imewahi kupakiwa hapo. Shule za urubani ziko hapo. Irene Koki Mutungi, mwanamke wa kwanza Afrika kuwa nahodha wa Boeing 787, alipata leseni yake ya kwanza Wilson kabla ya kuja kuendelea na masomo Oklahoma. Na kama Flying Cloud, mji umeuzingira uwanja: upande mmoja magorofa, upande mwingine simba wa hifadhi ya taifa. Machi 5, 2024 ndege ya abiria ya Safarilink iligongana juu ya hifadhi hiyo na Cessna ya mafunzo. Ya abiria ilirudi salama; wawili waliokuwa kwenye Cessna walikufa. Hatari hiyo, mwanafunzi na ndege ya abiria katika anga moja finyu, ndiyo MAC inayoikwepa kwa kuwaweka wanafunzi mbali na MSP. Ukiwafukuza Flying Cloud hawatatoweka, wataenda kumzungukia mtu mwingine.

Je, uwanja unaweza kufungwa? Imewahi kutokea kwingine. Usiku mmoja wa Machi 2003 meya wa Chicago alituma matingatinga yakachimba njia ya Meigs Field. Santa Monica, California, ilipambana miaka mingi hadi ikapata makubaliano ya 2017 yanayouruhusu mji kufunga uwanja wake mwisho wa 2028. Flying Cloud ni kesi tofauti. Mwenye uwanja ni MAC, mji hauna funguo, na kila msaada wa pesa kutoka serikali kuu unakuja na ahadi ya kuuweka wazi kwa miaka mingi. Sitegemei kuuona umefungwa nikiwa hai.

Kinachoweza kubadilika ni nani atakayeutumia, na hapa kuna hoja ambayo majirani wana haki nayo kuliko kelele: risasi. Nazungumzia madini, si ya bunduki. Jeti zilizopigwa vita miaka ile yote huchoma mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, hayana risasi. Cessna ya mwanafunzi kwa kawaida huchoma petroli yenye risasi. Marekani iliiondoa kwenye magari kabisa mwaka 1996, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikafuata mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo matatu ya Nairobi iliacha zamani kitu ambacho ndege ya mafunzo ya Minnesota bado inakitoa. Oktoba 2023 shirika la mazingira la serikali kuu, EPA, lilitamka rasmi kwamba risasi ya ndege ni hatari kwa afya. Lengo la wasimamizi wa anga na wenye viwanda ni kuiondoa ifikapo mwisho wa 2030.

Ni rahisi kusema. Chuo Kikuu cha North Dakota, chenye moja ya shule kubwa za urubani nchini, kilihamia petroli isiyo na risasi Juni 2023, na Oktoba kikarudi kwa ile ya zamani baada ya kuona vali za injini zinalika. Kuna mafuta mengine yaliyoidhinishwa tangu 2022, ila kuidhinishwa na kupatikana kwa bei ya mwanafunzi ni vitu viwili.

Na bei ndiyo inayotugusa. Jeti ya kampuni italipa petroli yoyote, ada yoyote. Anayehesabu kila saa ni kijana wa Brooklyn Park au Eden Prairie ambaye mama yake anafanya zamu mbili hospitalini, na ambaye anaweza kujifunza kwa sababu tu kuna uwanja anaoweza kuufikia kwa gari baada ya kazi. Ukipunguza saa za mafunzo, ukapandisha ada, yeye ndiye atakayetoka kwanza, na kelele ya jeti itabaki pale pale. Kama ni mimi ninayepanga, risasi ingeshughulikiwa kabla ya kelele, kwa pesa za umma, na mizunguko ingegawanywa kati ya vile viwanja sita badala ya kurundikwa juu ya mtaa mmoja.

Mji na MAC wana kamati ya ushauri ya uwanja huu ambamo wakazi na wafanyabiashara huwakilishwa. Hapo ndipo mambo haya hujadiliwa kabla hayajaamuliwa. Watu wa rika letu, wenye lafudhi mbili na mikopo ya chuo, tunaishi mjini hapa kwa maelfu. Ukienda, uliza ndege ngapi za mafunzo tayari zinatumia petroli isiyo na risasi, na nani analipa tofauti ya bei.