Watoto Watakatifu wa Huautla: Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA

Ni Juni 29, 1955. Gordon Wasson, makamu wa rais wa benki ya J.P. Morgan ya New York, ameingia kwenye ofisi za mji wa Huautla de Jiménez, juu katika milima ya Oaxaca, Meksiko. Mbele yake ameketi ofisa wa mji, Cayetano García. Wasson anainama na kumnong'oneza jina la Kimazateki la uyoga ambao wenyeji hawautaji ovyo mbele ya mgeni. Anaomba afunuliwe siri yake. Cayetano ananyamaza...

SASA ENDELEA

Ukimya haukudumu. Cayetano akasema jambo hilo halina ugumu wowote. Mgeni aje nyumbani kwake mchana, saa ambazo mji mzima umejipumzisha.

Wasson akatoka pale haamini masikio yake. Mwaka 1953 alifika Huautla, akakesha na mganga aliyekula uyoga na kutabiri mbele yake, lakini yeye mwenyewe hakupewa hata kipande. Leo mtu wa serikali ndiye anayemwita.

Mchana ule yeye na mpiga picha wake, Allan Richardson, walishushwa korongoni. Huko yalikuwapo makapi ya miwa yaliyotupwa yakaoza, na juu ya makapi ulikuwa umeota uyoga tele. Wakapiga picha mpaka wakaridhika, wakachuma wakajaza boksi, wakalipandisha mlimani likiwa limefungwa vizuri, maana uyoga huu haubebwi wazi macho ya wapita njia yakauona.

Kisha Cayetano akawapa ndugu yake awe mkalimani, wakaenda kwa María Sabina.

Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1894. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo. Yeye na dada yake walikuwa wakichunga mifugo porini huku njaa inawauma, na huko ndiko walikoanza kula uyoga ule waliowahi kuona watu wazima wakiutumia. Alipokuwa mtu mzima akawa mganga. Hakujua kusoma, Kihispania hakukisema, na kanisani alikwenda kama Mkatoliki mwingine yeyote wa Huautla. Uyoga aliuita watoto watakatifu, na aliwaita pale palipokuwa na mgonjwa wa kuponywa.

Wageni hawa wawili hawakuwa wagonjwa.

Hata hivyo, boksi lilipofunguliwa alishangilia jinsi uyoga ulivyokuwa mbichi na imara, akakubali. Wasson aliandika hivyo, na dunia ikasoma hivyo. Lakini María Sabina naye ana simulizi yake, aliyompa baadaye Álvaro Estrada, Mmazateki mwenzake. Humo anasema alimwambia Cayetano kwamba hawezi kumkatalia, kwa kuwa yeye ni mkubwa wa serikali na ni rafiki. Kila nikifika hapa nasimama. Ombi lililopitia mkononi mwa ofisa si sawa na ombi la jirani anayebisha hodi na mtoto mgonjwa mgongoni, na watu wengi waliosifu usiku ule hawajaliuliza jambo hili hata mara moja.

Wasson alikuwa anatafuta nini? Wasomaji wa sehemu ya kwanza wanakumbuka fungate yake ya mwaka 1927 katika milima ya Catskill, mkewe Valentina, daktari aliyezaliwa Urusi, alipokimbilia uyoga wa msituni kwa furaha huku mume akimsihi autupe. Mke alilelewa kuupenda, mume kuuogopa. Wakajiuliza kwa nini. Baada ya miaka ya kukusanya hadithi na desturi za Ulaya, wakafikia dhana nzito: huenda zamani za kale mababu waliuabudu uyoga, na mapenzi ya mmoja na hofu ya mwingine ni masalia ya ibada hiyo.

Ushahidi ulikosekana hadi mwaka 1952, ilipofika barua ya mshairi Robert Graves kuwaelekeza Meksiko. Huko, katika karne ya 16, padri Bernardino de Sahagún alikuwa ameandika jinsi watu walivyokula uyoga pamoja na asali kwenye sherehe: wengine wakacheza, wengine wakalia, wengine wakaona kifo chao wenyewe. Mwaka 1915 mtaalamu wa mimea wa Marekani, William Safford, alidai kwamba waandishi wa zamani kama Sahagún walichanganya mambo na uyoga wa namna hiyo haukuwapo. Wamazateki hawakumjibu. Waliendelea kuponya wagonjwa wao gizani, mlango umefungwa.

Sasa usiku umeingia. Watu kama ishirini wamekusanyika chumba cha chini cha nyumba ya Cayetano, wamevaa nguo zao nzuri. Chokoleti ya moto imepitishwa, kila mtu amekunywa. Mezani, ambapo ndipo madhabahu, pana maua, picha ya Mtoto Yesu na picha ya Ubatizo katika Mto Yordani.

María Sabina anasafisha uyoga, anaupitisha juu ya moshi wa ubani huku akiomba, kisha anaugawa. Huhesabiwa kwa jozi. Yeye anachukua jozi 13. Wasson anapewa sita. Richardson naye anapewa, na hapo anabanwa, maana mkewe alimruhusu kusafiri kwa ahadi kwamba uyoga ule hautagusa midomo yake. Anautazama. Anaula.

Ni mkali mdomoni, una harufu ya mafuta yaliyochacha. Wanautafuna polepole, mmoja baada ya mwingine, kwa muda wa nusu saa. Karibu na saa sita usiku María Sabina anavunja ua moja madhabahuni na kulitumia kuzima mshumaa wa mwisho.

Giza. Mkeka. Sauti yake inaanza kuimba.

Wasson alikuwa amejiapiza kuutazama mwili wake kama mtaalamu anayepima. Haikuwezekana. Zikamjia nakshi za rangi kali, nakshi zikageuka majumba ya kifalme yenye nyua na bustani, kisha kuta za nyumba zikayeyuka na roho yake ikaruka nje, ikatazama kutoka angani misafara ya ngamia ikipita kwenye miteremko ya milima. Akajiuliza: je, hiki ndicho kilichokuwa Eleusis? Huko, karibu na Athene, Wagiriki wa kale waliingizwa kwenye ibada ya Demeta, wakanywa kinywaji kitakatifu, na aliyethubutu kutoa siri alistahili kifo.

Ni wazo kubwa, na liliwashika wengi baada yake. Lakini tuseme ukweli: Meksiko kulikuwa na mashahidi walioandika neno uyoga bila kuficha. Utenzi wa kale wa Demeta unapotaja kile kinywaji unasema maji, shayiri na mnanaa. Daraja kutoka Huautla hadi Eleusis alilijenga Wasson mwenyewe, akiwa amelala mkekani, huku mwanamke aliyemwongoza usiku kucha akiwaimbia watakatifu kwa Kimazateki, lugha ambayo mgeni wake hakuielewa.

Alfajiri waliamka wazima. Kwenye begi la Richardson zilikuwamo picha za María Sabina akiwa katikati ya ibada. Alikubali zipigwe kwa sharti moja: zionyeshwe kwa marafiki wa kuaminika tu.

Wasson alirudi New York na kuanza kupanga msafara mwingine wa kiangazi cha 1956. Ndipo akatafutwa na mkemia wa Chuo Kikuu cha Delaware, James Moore. Moore alisema anavutiwa na kemia ya uyoga huo na angependa kufuatana nao hadi Huautla. Alijua pia mfuko wa utafiti wa tiba, Geschickter, ambao ungeweza kuchangia dola 2,000.

Wasson akakubali.

Ambacho Moore hakukisema ni kwamba fedha za mfuko ule zilitoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani, lililokuwa likitafuta dawa ya kuzitawala akili za watu. Na sasa mtu wao alikuwa njiani kwenda kuketi kwenye mkeka wa María Sabina.

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO