Kumwachia mtoto biashara ya familia: kinachokabidhiwa hasa ni nini?

Wazazi wengi wenye duka au mashine ya kusaga huamini wameshamwachia mtoto biashara siku walipompa funguo. Mtoto anafungua asubuhi, anauza, anafunga jioni. Lakini leseni ya halmashauri bado ina jina la mzee, TIN ni ya mzee, akaunti ya benki na namba ya kupokea malipo kwa simu ni za mzee. Kisheria hakuna kilichohama. Kuna mtoto anayemfanyia baba yake kazi, mara nyingi bila mshahara.

Tofauti hiyo huonekana mzee anapofariki. Hapa Tanzania, biashara ya mtu mmoja, hata kama jina lake limesajiliwa BRELA, haitengani na mwenyewe. Mashine, bidhaa na fedha huingia kwenye mirathi. Benki ikipata taarifa ya kifo huzuia akaunti mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo hupendekeza jina tu. Anayeteua ni mahakama, na kwa familia nyingi za vijijini ni Mahakama ya Mwanzo. Muda huo wote, mkanda wa mashine ukikatika, hela ya kununua mwingine iko benki na hakuna wa kuitoa. Kijana aliyesaga miaka kumi na mitano anahesabiwa mrithi sawa na ndugu zake walioko mjini, kwa kuwa jasho lake halijaandikwa popote.

Kampuni ni jambo jingine. Haifi na mwanzilishi. Kinachorithiwa ni hisa. Hata hivyo karatasi pekee hazitoshi. Nchini Kenya, mwanzilishi wa maduka ya Tuskys, Joram Kamau, alifariki mwaka 2002 na watoto wake wakawa wanahisa. Ugomvi wao ulifika mahakamani. Miaka ya baadaye kampuni ikazidiwa na madeni, matawi yakafungwa. Hatusemi ugomvi peke yake ndio ulioiangusha, ila ndugu wasiosikilizana hawawezi kukaa wakaamua mapema.

Ushauri wetu ni kuanza na daftari la madeni kabla ya funguo. Nani anatudai, nani tunamdai, na nani wa kukopeshwa. Muuzaji wa jumla anayetoa mali kauli anamwamini mzee, hamwamini mtoto. Mzee ampeleke kwake, awatambulishe, na waandikishane upya. Kisha mtoto achukue leseni kwa jina lake, atumie TIN yake na afungue akaunti yake. Mzee naye aitaarifu TRA kuwa amefunga biashara, la sivyo makadirio ya kodi yanaweza kuendelea kuja kwa jina lake.

Kwa Waislamu jambo hili lina uzito zaidi. Wasia hauvuki theluthi ya mali, wala haumpi mrithi nyongeza bila ridhaa ya warithi wengine. Anayetaka kumpa mtoto akiwa hai hutoa hiba, na hiba hukamilika mpokeaji anapoishika mali yenyewe. Kusema tu "hii ni yako" hakutoshi.

Mama asisahaulike. Kama duka ni sehemu ya nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenza mmoja kuiuza, kuiweka rehani au kuitoa zawadi bila ridhaa ya mwenzake. Na kabla ya kumtaja kijana wa kiume kwa mazoea, tazameni ni nani anayejua hesabu za duka. Mara nyingi ni binti.

Waiteni watoto wote mzee akiwa bado na nguvu. Andikeni kama biashara imetolewa bure, imeuzwa kwa awamu, au mtoto anaisimamia kwa mshahara, na wale wengine watapata nini. Wote wasaini mbele ya mashahidi, nakala ibaki kwa mtu wa nje ya familia. Andikeni pia tarehe ambayo mzee ataacha kupanga bei, maana akiendelea kukaa kaunta wateja watamruka mtoto na kumwomba yeye mkopo.