Yai Lenye Mwiba: Habari za Kichocho

Mtu akishikwa na tumbo, kila jirani ana jina la ugonjwa wake. Huyu husema ni chango, yule husema ni safura, na wa tatu husema ni kichocho. Wote wana huruma, lakini maradhi mbalimbali huweza kuwa na dalili moja. Hata mabingwa wa uganga waliwahi kupotea katika jambo hili.

Katika mwaka 1851, mjini Cairo, tabibu Mjerumani Theodor Bilharz alipasua maiti akaona mdudu wa kichocho ndani ya mishipa ya damu. Mayai yake yalikuwa na mwiba: mengine mwishoni, mengine ubavuni. Je, ni mdudu mmoja au wawili? Bwana Looss, mtaalamu wa huko Cairo, alishika kwamba ni mmoja, tena humwingia mtu moja kwa moja kutoka majini. Bwana Manson wa Uingereza alishuku kuwa ni wawili. Mwaka 1915 Bwana Leiper alikwenda Misri akathibitisha kwamba ni wawili: mmoja hudhuru kibofu, wa pili matumbo, na kila mmoja hukulia kwanza ndani ya konokono wa namna yake.

Kwetu Pemba kichocho ni kile cha mkojo, ambacho yai lake lina mwiba mwishoni. Konokono wake hukaa katika vijito na mabwawa ya maji baridi, wala si baharini. Hata yeye ana ndugu wanayefanana sana, ambaye kule Unguja ameonekana hachukui kichocho.

Tangu mwaka 2012 Zanzibar imekazana kuuondoa ugonjwa huu, nao umepungua sana. Lakini hapo imezuka shida mpya: mayai yakiwa machache, darubini huweza kuyakosa, na mgonjwa akaambiwa ni mzima. Kwa hiyo hutakiwa mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Na pengine hupimwa zaidi ya mara moja.

Basi mtoto akikojoa damu, tusimpe ugonjwa jina kwa kukisia. Tumpeleke kwa tabibu, tueleze bila kuficha alikooga, na tukiambiwa turudi, turudi. Kichocho kina dawa. Kikiachwa huharibu kibofu na figo. Ikiwa mabingwa walihitaji zaidi ya miaka 60 kulijua yai moja, sisi tusione haya kungoja siku mbili.