Nani Kafunga Mvua?

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, katika milima ya Uluguru, kukataa matuta. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Muda si mrefu mpango mzima wa kuhifadhi udongo wa milima ukaachwa.

Kisa hiki husimuliwa kama sura ya harakati za uhuru, nacho ni hivyo. Kinachonivuta mimi ni jinsi lawama ilivyosafiri. Wakoloni waliona mto Ruvu ukishuka na tope kuelekea mashamba ya mkonge na Dar es Salaam, wakamtaja mkosaji: Mluguru, jembe lake na moto wake wa kusafishia shamba. Tiba ikawa matuta ya ngazi, kwa amri. Lakini ukichimba ngazi kwenye mteremko mkali, udongo wenye rutuba unafukiwa na ule wa chini usiootesha kitu unaletwa juu. Mazao yakadumaa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliwaangukia wanawake. Watu walipokataa, serikali haikuyauliza mahindi. Ilitafuta wachochezi, na TANU, chama cha mwaka mmoja tu, kikatajwa. Huyo kwangu ni mpiga ramli, ila amevaa kofia ya bwana shauri.

Waluguru nao walikuwa na wa kumlaumu, na lawama yao ilipanda juu: kwa masultani na maofisa, watu wenye cheo na mshahara. Si kwamba milimani hakukuwa na habari za uchawi. Mwaka ule shida ilikuwa na anwani.

Mvua haina ofisi. Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, wakati huo mkoani Shinyanga, na mwaka 2005 akachapisha alichokiona: miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka maradufu, wakati mauaji mengine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote walikuwa bibi vizee, na mara nyingi mkono ulikuwa wa ndugu. Macho mekundu ya mtu aliyepikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini yakawa ushahidi. Hesabu za serikali za 1970 hadi 1984 zinataja watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, 2,286 wakiwa wanawake. Wengi walikuwa Usukuma.

Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, hivyo bibi kizee mara nyingi yuko kwao. Usukuma mjane hubaki kwa watu wa marehemu mumewe, na ghala likikauka yeye ni mdomo wa ziada. Sidai kwamba ukoo wa mama unazuia panga. Nadhani tu kwamba kabla ya kuuliza watu wanaamini nini, tuulize bibi analala katika nyumba ya nani.

Sheria ya Uchawi tuliyonayo ina mizizi katika amri ya kikoloni ya 1928. Inamwadhibu anayemwita mwenzake mchawi. Pia inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru mtu anayeonekana kutia watu hofu kwa uchawi ahamie mahali pengine. Mtoa tuhuma akishinda kwa njia hiyo, hahitaji panga: bibi anafunga mzigo, na shamba linabaki.