Kulimiana Masisi na Walikale

Katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, mashariki mwa Kongo, familia moja haikuweza peke yake kufyeka msitu, kupanda ndizi na kujenga nyumba kwa wakati. Majirani walizungukiana: leo shamba la huyu, kesho la yule. Mwenye shamba aliwalisha wote na kuwapa kasiksi, pombe ya ndizi, lakini deni lenyewe lililipwa kwa jembe. Kwa Wanyanga wa Walikale, wanaume waliangusha miti, kisha wanawake wakapanda. Aliyekwepa zamu ya mwenzake hakuwa na wa kumwita msimu uliofuata.

Serikali ya kikoloni ya Kibelgiji ilileta kazi ya namna nyingine. Kuanzia 1917 wanakijiji walilazimishwa kulima mazao yaliyoamriwa, na kati ya 1937 na 1955 makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walihamishiwa Masisi, hasa Gishari. Wageni hao na Wahunde, wenyeji wa Masisi, wakawa majirani. Miaka ya 1970, Rais Mobutu aliagiza salongo, kazi ya umma ya lazima. Ni dhuluma kuiita ushirikiano, kwani aliyeifanya hakurudishiwa chochote shambani kwake.

Sheria ya ardhi ya 1973 iliwafungulia wenye hati na fedha njia ya kumiliki malisho makubwa ya ng'ombe Masisi, na wakulima wadogo wakabanwa. Mivutano ya ardhi ikachangia mauaji ya kikabila: Machi 1993 yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Waliokuwa wakilimiana wakatawanyika, baadhi yao hadi kambi za wakimbizi.