Ree Nne za Kinole: Kiini Macho, Ramli na Wajibu wa Kufichua

Siku moja ya gulio huko Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, nilimkuta kijana wa bodaboda akiwachezea watu karata juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Alizichanganya, kisha akamkabidhi mzee mmoja muuza ndizi. “Babu, zigawe mwenyewe mafungu manne. Mimi sizigusi tena.” Mzee akazigawa. Kijana akamwelekeza kwamba kwa kila fungu apeleke karata tatu za juu chini ya fungu lilelile, kisha aweke moja moja juu ya mafungu matatu yaliyobaki. Mwisho akamwomba afunue karata ya juu ya kila fungu. Zikatoka ree nne: ya shupaza, ya kopa, ya uru na ya pau.

Watu walishangilia. Ndipo sauti moja nyuma yangu iliposema, nusu utani: “Si ajabu. Kwao kuna bibi.” Kicheko kikapungua. Kijana naye akaacha kucheka. “Tusifike huko, jamani,” alisema. “Sogeeni muone.” Akaanza upya, polepole, karata zote zikiwa wazi.

Kumbe ree zote nne zilikuwa juu ya pakiti kabla mchezo haujaanza. Alipochanganya, zilichanganyika za chini tu. Zile nne vidole vyake havikuziachia. Mzee alipogawa mafungu, kijana aliweka akilini ni lipi lililobeba sehemu ya juu ya pakiti, akahakikisha linashughulikiwa mwisho. Mafungu matatu ya kwanza yaliliongezea fungu hilo karata tatu zisizo na maana. Zamu yake ilipofika, karata hizo tatu zilikwenda chini, ree tatu zikagawiwa mafungu jirani, na ya nne ikabaki mahali pake. Mikono ilikuwa ya mzee. Mpango ulikuwa wa kijana.

Karata zenyewe zina historia ndefu katika lugha yetu. Neno karata, pamoja na majina shupaza, kopa, uru na pau, yametokana na Kireno, kumbukumbu ya mabaharia waliofika pwani yetu tangu mwaka 1498. Mchezo ulioletwa na wageni umekaa kwetu hadi majina yake yamekuwa yetu. Lakini swali lililoulizwa kwenye gulio lile, yaani nani hasa yuko nyuma ya jambo tusiloweza kulieleza, ni la kale kuliko karata, na limewahi kuulizwa kwingine kwa gharama ya damu.

Mwaka 1584, huko Uingereza, mwungwana mmoja wa Kent aitwaye Reginald Scot alichapisha kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft. Enzi hizo wanawake, wengi wao wazee na maskini, walikuwa wakishtakiwa kwa uchawi na baadhi yao kunyongwa. Ndani ya kitabu hicho kizito cha hoja za dini na sheria, Scot aliweka kurasa za mazingaombwe: mipira, sarafu, visu, na namna ya kuonyesha ree nne kisha kuzigeuza kuwa karata nyingine nne zenye picha. Aliona kuwa mtu akishajua jinsi vidole vinavyoweza kuyadanganya macho, atasita kabla ya kumhukumu jirani kwa jambo asilolielewa. Sheria ya nchi yake ilichukua zaidi ya miaka 150 kumfikia.

Dola nazo zilijua thamani ya kiini macho. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mwanamazingaombwe Robert-Houdin, ili aonyeshe kwamba maajabu ya Wafaransa yanayapita ya viongozi wa kidini waliokuwa na mvuto kwa wananchi. Scot alifungua siri ili kuokoa watu. Robert-Houdin alitumwa kuitumia siri ili watu watawalike. Vidole ni vilevile. Kilichotofautiana ni nani alinufaika na kutojua kwa watazamaji.

Ndugu msomaji, turudi nyumbani. Tazama ramli chonganishi inavyofanya kazi. Mteja anafika na msiba: mtoto amefariki, ng’ombe wamekufa, biashara imeanguka. Mpiga ramli hamtaji mtu. Anasema ni mtu wa karibu, ni mwanamke, ni mtu mzima, macho yake ni mekundu. Katika kijiji ambako kina bibi wamepika kwa kuni maisha yao yote, moshi umekwisha kuziandaa karata. Mteja mwenyewe ndiye anayelitamka jina, na kwa kuwa limetoka kinywani mwake, huliamini kuliko ambavyo angeliamini neno la mwingine yeyote. Ni ree nne zilezile, ila safari hii kinachofunuliwa ni mlango wa nyumba ya mtu.

Dola yetu imejaribu njia ya makatazo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 tuliirithi kwa mkoloni. Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Makatazo yana nafasi yake, lakini hayamfundishi mtu namna alivyochezewa. Anayeamini kwamba alilichagua jina kwa hiari yake atamtafuta mpiga ramli mwingine, usiku.

Naomba nieleweke: sibezi mila. Kinole ni makao ya Chifu Kingalu, na heshima ya kiti kile haipimwi kwa karata. Tena mila zenyewe zina somo hapa. Katika jando na unyago, mizungu ni mafumbo anayopewa mwali kwa vitu, ishara na nyimbo, na baadaye hufumbuliwa, kwani anayefundwa hana budi kutoka akiwa anajua. Fumbo lisilofumbuliwa kamwe, huku mwenye nalo akiendelea kupokea fedha, limekosa sifa ya mafunzo.

Ofisa maendeleo, mwalimu, mwanaharakati: unapokwenda kijijini kupinga mauaji ya wazee, usibebe mabango peke yake. Beba pakiti ya karata. Fanya mchezo, waache washangae, kisha ufungue hatua kwa hatua hadi kila mmoja aweze kuufanya mwenyewe.

Kijana wa Kinole alipomaliza kueleza, yule mzee muuza ndizi aliziomba karata ajaribu. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu ree zikatoka, na hakuna aliyeuliza habari za bibi yake.