Kuelewa Tabia ya Mtoto kwa Kuangalia Mkondo wa Maisha Yake

Mtoto aliyekuwa mpole anaanza kupiga wenzake. Mwingine, aliyeacha kukojoa kitandani miaka mingi iliyopita, anaanza tena. Binti aliyependa shule hataki kuamka asubuhi. Nyumbani huulizwa, "Huyu mtoto ana nini?" Ofisa ustawi wa jamii huuliza kwa njia nyingine: mtoto huyu amepitia nini, alikuwa na umri gani, na nani alikuwa naye wakati huo? Kuuliza hivyo ndiko kunakoitwa mtazamo wa mkondo wa maisha.

Mtazamo huu ni nini?

Ni njia ya kuelewa tabia ya mtu kwa kuangalia maisha yake yote, tangu tumboni hadi uzeeni, badala ya kuangalia kosa la leo peke yake. Kuzaliwa kwa mdogo wake, kuhama, kufiwa, mzazi kupoteza kazi, kuanza shule: kila tukio huacha alama, na alama hiyo hutegemea umri wa mtoto na watu waliomzunguka.

Ulianzia wapi?

Mmoja wa walioujenga ni Glen Elder, mwanasosholojia wa Marekani. Katika kitabu alichotoa mwaka 1974, alifuatilia watoto wa mji wa Oakland, California, waliozaliwa mwaka 1920 na 1921, ambao familia zao zilipatwa na anguko kubwa la uchumi la miaka ya 1930. Baadaye aliwalinganisha na watoto wa mji jirani wa Berkeley waliozaliwa mwaka 1928 na 1929.

Shida ilikuwa ileile, lakini haikuwagusa sawa. Wa Oakland walikuwa wameshapita utoto wa mwanzo katika miaka ya neema. Shida ilipobana walikuwa wakubwa kiasi cha kusaidia: wavulana walifanya vibarua, wasichana walishika kazi za nyumbani. Wengi wao walikuja kuwa watu wazima wenye maisha mazuri. Wa Berkeley walikutwa wakiwa wadogo sana, na wavulana ndio walioumia zaidi. Elder aliona pia kuwa ukosefu wa pesa mara nyingi uliwafikia watoto kupitia hasira za baba: aliyepoteza kipato aliweza kuwa mkali na kuadhibu bila mpango.

Mambo matano ya kuangalia

1. Makuzi hayana mwisho. Mtu hubadilika maisha yake yote, si utotoni tu.
2. Wakati na mahali. Mtoto aliyekulia kwenye vita, ukame au kambi ya wakimbizi hulelewa pia na mazingira hayo.
3. Umri wa tukio. Kufiwa na mama ukiwa na miaka 2 si sawa na kufiwa ukiwa na miaka 15.
4. Maisha yaliyofungamana. Msongo wa mlezi humfikia mtoto, na nafuu yake humfikia vilevile.
5. Uamuzi wa mtu mwenyewe. Hata mtoto huchagua, kwa kadiri ya nafasi aliyonayo.

Je, yaliyopita hayarekebishiki?

Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli kwamba miaka ya mwanzo ina uzito mkubwa, lakini methali hiyo isitumike kumhukumu mtoto aliyechelewa kusaidiwa, wala mama yake.

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake walifuatilia kwa miongo kadhaa karibu watoto 700 waliozaliwa mwaka 1955. Baadhi walianza na mizigo mingi kwa pamoja: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Hata hivyo, takriban theluthi moja ya hao walikua wakawa watu wazima wenye kujiamini na kujali wengine. Jambo moja lililowasaidia ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewashika kwa upendo bila kuwaacha: bibi, shangazi, mwalimu. Na wapo waliosumbua wakiwa vijana ambao walitulia baadaye, kwa mfano baada ya kurudi masomoni au kupata kazi au ndoa nzuri.

Ndiyo maana kumpa binti aliyejifungua nafasi ya kurudi shule ni jambo kubwa. Linaweza kugeuza mkondo wa maisha yake na ya mtoto wake pia.

Unavyoweza kuutumia nyumbani

- Chora mstari kwenye karatasi. Andika umri wa mtoto, na chini yake matukio makubwa: kuhama, ugonjwa, msiba, kuachishwa ziwa, kubadilisha shule.
- Angalia tabia ilianza lini, na ni nini kilitokea karibu na wakati huo.
- Andika nani alikuwa naye, na nani aliondoka.
- Jiweke na wewe kwenye mstari huo. Ulikuwa unapitia nini? Usijilaumu, lengo ni kujua msaada uanzie wapi.
- Tafuta mtu mzima mmoja wa kuaminika anayeweza kuwa karibu na mtoto siku zote.
- Mpe kazi ndogo inayolingana na umri wake na umshukuru, lakini usimtwike mzigo wa mtu mzima.

Wakati gani utafute msaada?

Usisubiri ikiwa mtoto anazungumzia kufa, anajiumiza, anakataa kula, amebadilika ghafla, au unahisi ananyanyaswa. Akiwa amebakwa, mfikishe hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya muda huo. Usimwogeshe kwanza.

Nchini Tanzania, mwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Nchini Kenya, nenda kwa afisa wa watoto aliye karibu. Katika nchi zote mbili unaweza kupiga simu ya msaada kwa watoto, namba 116, bila malipo. Ukienda, beba ile karatasi yenye mstari. Itamsaidia anayekuhudumia kuelewa haraka mtoto ametoka wapi.